Hila, Ujanja na Ulaghai: Maneno Tuliyoyatia Gunia Moja



Leo nina neno na kamusi zetu. Si kwa ubaya, manake nazitumia kila siku na baadhi ya waliozitunga ni walimu wetu tunaowaheshimu. Lakini kuna mahali zimetuangusha, na mahali penyewe si padogo. Hebu mtu achukue kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili aliyonayo nyumbani atafute neno hila. Yumkini ataambiwa ni ujanja au udanganyifu. Akitafuta ujanja atarudishwa kwenye hila, akaongezewa werevu. Akienda kwenye ulaghai atakutana na udanganyifu, na kwenye udanganyifu anamkuta tena ulaghai amekaa kitako anamngoja. Ni kama kuuliza njia Mji Mkongwe: kila unayemuuliza anakuelekeza kwa jirani yake, na baada ya nusu saa umerudi pale pale ulipoanzia.

Tangu kamusi ya Johnson ya 1939, ambayo walau ilikuwa na udhuru kwamba ikiwafasiria Waingereza, mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, mtindo mkubwa ni huo huo wa kulipa neno kwa neno mwenzake. Mtu ataniambia: basi shida iko wapi, si yote ni mamoja? Hapana, si mamoja, na ndiyo hoja yangu. Wazee wetu walikuwa na maneno mengi ya jambo hili kwa sababu walikuwa wakipima mambo mengi. Sisi tumeyatia gunia moja, na gunia lenyewe tumeliandika "ujanja". Matokeo yake leo tunamcheka aliyeibiwa na tunamsifu mwizi, kisha tunashangaa wizi hauishi.

Nianze na jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulifanya peke yake. Sema: "Mama alifanya hila mpaka mtoto akanywa dawa." Hakuna atakayeshtuka. Sasa weka ulaghai pale pale: "Mama alifanya ulaghai mpaka mtoto akanywa dawa." Sikio linakataa. Weka utapeli, watu watacheka. Tena unaweza kusema mtu kala kipande cha muhogo ili adanganye tumbo, lakini huwezi kusema amelihadaa tumbo, wala amelighilibu, ila uwe unatania. Kwa hivyo msemaji anajua tofauti hata kama kamusi haijui. Kazi ya kamusi ilikuwa kumwambia kile anachokijua bila kujua kwamba anakijua.

Tuchukue hila yenyewe. Neno limetoka Uarabuni, na kule kwao halikuzaliwa na aibu. Hila ni njia, ni kile unachokifanya nguvu zinapokosekana. Mpaka leo Mwarabu aliyeshindwa na jambo husema mkononi mwake hamna hila, yaani hana la kufanya. Mjini Baghdad, katikati ya karne ya 9, ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu wakakiita kitabu cha hila, na ndani yake hamna hadithi ya mwizi hata moja. Mna mitambo kiasi cha 100: vyombo vinavyomimina maji na kujifunga vyenyewe, chemchemi zinazobadilisha umbo la maji, taa zinazojitunza. Uhandisi ulikuwa ni elimu ya hila! Na kwetu pwani maana hiyo haikufa. Mtu mzima akikwambia "fanya hila umtoe paka darini" hakutumi kumdanganya paka, anakutaka utafute njia.

Lakini neno lilikuwa na upande wa pili tangu kale. Mafakihi walikuwa na mlango mzima wa hila za kisharia, yaani namna ya kulifikia jambo lililokatazwa kwa kupitia mlango uliohalalishwa. Wanazuoni wa Kihanafi waliziandikia vitabu, na Imamu Bukhari naye akatenga kitabu kizima ndani ya Sahihi yake kuzipinga. Wala tusidhani ugomvi huo ulibaki vitabuni Iraki. Ulifika mpaka kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Katika karne ya 19 mwenye shamba aliyehitaji fedha hakukopa kwa riba, manake riba ni haramu. Aliliuza shamba lake kwa bei ya khiyari, kwa sharti kwamba akirudisha thamani katika muda waliokubaliana shamba linarudi kwake. Na huku nyuma akabaki mle mle shambani, akimlipa yule mnunuzi kodi. Kodi hiyo ni nini kama si riba iliyovaa kanzu? Oman walifanya hivyo hivyo. Hiyo ni hila kwa maana yake kamili: pande zote mbili zinajua linalofanyika, kadhi anajua, hakuna aliyefumbwa macho. Unaweza kuipinga, na wapo walioipinga kwa nguvu, lakini si ulaghai, kwa sababu hapana mtu aliyeachwa gizani.

Shikeni hapo kwenye giza, nitaparejea.

Wanaoijua Sura ya Yusuf watakumbuka jambo jingine. Neno la Kiarabu kaydi limetumika mle kwa watu mbali mbali. Yaakub anamwonya mwanawe kwamba nduguze watamfanyia kaydi. Mume wa yule bibi aliyemtaka Yusuf analitumia neno hilo kwa wanawake. Kisha mwishoni, kile chombo cha mfalme kinapopatikana ndani ya mzigo wa ndugu yake Yusuf, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ndiye aliyempangia Yusuf kaydi hiyo. Neno ni hilo moja, na Kiarabu kinamwachia msomaji apime kwa mtendaji na kwa makusudio yake. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulala usingizi hapo. Akisema vitimbi kote, atakuwa amemnasibishia Mungu neno ambalo kwetu lina harufu ya fitina za uwani. Akisema mpango kote, nduguze Yusuf watatoka wasafi kama waliokaa kikao cha harusi. Analazimika kuchagua neno hili hapa na lile kule, na kule kuchagua kwake ndiko kunakoonyesha kwamba Kiswahili kina mizani yake kwenye maneno yenyewe. Kiarabu kinapima kwa muktadha, sisi tunapima kwa msamiati. Na mwenye mizani ya namna hii akipoteza mawe yake, amepoteza biashara.

Hebu basi tuyatazame mawe, walau machache. Hadaa ni kumwonyesha mtu kitu cha kupendeza ili asione kinachomjia. Ghiliba imetokana na kushinda, na mpaka leo mtu aliyeghilibiwa ni mtu aliyezidiwa, kama katika mieleka. Laghai ni mtu wa ulimi, silaha yake ni maneno, na bila maneno hana kitu. Kupunja ni kwa dukani na sokoni, ni kibaba kisichojaa na mizani iliyowekewa kidole. Kughushi asili yake ni kuchanganya kibaya na kizuri, maji ndani ya maziwa, na leo tumeipeleka kwenye hati na vyeti, wala hatukukosea, manake cheti cha kughushi ni maziwa yaliyotiwa maji. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa sifa zitakazonyauka kabla ya jioni. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kila mmoja anajua: anahisi anapakwa, na mafuta hayapo.

Yapo na maneno yaliyobadilika njiani. Ayari kwetu ni tapeli mtupu. Kule yalikotoka, ayari walikuwa vikundi vya vijana wa mitaani wa miji kama Baghdad, mara wezi, mara walinzi wa mtaa, na hekaya za Kiajemi zimewafanya mashujaa kabisa. Shujaa alizama baharini, mwizi ndiye aliyefika pwani yetu. Mzandiki naye asili yake ni mzushi wa dini, kisha huku akawa mtu wa nyuso mbili. Maneno husafiri na hupoteza mizigo, hilo si la ajabu. La ajabu ni pale wenye lugha wanapoitupa mizigo yao wenyewe kwa hiari.

Sasa tuje kwenye maneno ya kibantu, maana ndiyo mama. Danganya ni neno pana, linaanzia kwa mtoto anayebembelezwa (danganya toto) mpaka mahakamani. Lakini neno ninalolipenda ni werevu, ambalo wengine husema welevu. Limekaa jirani na kuelea, yaani jambo kukudhihirikia, na kuelewa. Mwerevu ni mtu ambaye mambo yamemuelea. Ni neno la mwanga. Na ndiyo maana methali inasema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Isikilizeni vizuri. Inatwambia kwamba kuna mwerevu ambaye maisha yake yanategemea mwengine abaki mjinga, na kwamba siku mwanga ukimfikia yule mjinga, mchezo umekwisha. Methali hii moja imefanya kazi ambayo kamusi hazikuifanya. Imetupa kipimo: usiangalie tendo peke yake, angalia aliyetendewa anaishia wapi. Anaerevuka, au anatakiwa abaki gizani milele?

Kwa kipimo hicho hebu turudi kwenye hadithi tulizokua nazo. Sote tumesimuliwa jinsi Abunuwasi alivyoazima sufuria kwa jirani akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi akakaa nayo, na alipodaiwa akasema imekufa. Jirani akang'aka, sufuria inakufaje? Basi ilizaaje? Wapo walimu wanaosema hadithi hizi zinawafunza watoto utapeli. Wanakosea, na wanakosea kwa sababu hawakutazama mwisho. Hila ya Abunuwasi haikamiliki mpaka imefunuliwa. Jirani lazima aelewe, tena mbele ya watu, kwamba uongo aliukubali mwenyewe pale ulipokuwa na faida kwake. Anapoteza sufuria lakini anaondoka na akili. Tapeli hafanyi hivyo. Tapeli akikuchukulia sufuria anahama mtaa.

Tuchukue na hadithi mbili zilizomo katika mkusanyo wa Steere uliochapwa London 1870, alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja. Ya kwanza ni ya kima na papa. Kima yuko juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, wakawa marafiki. Papa akamwalika nyumbani kwake, na walipofika katikati ya bahari ndipo anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, loo, mbona hukuniambia mapema, sisi mioyo yetu huiacha mitini. Papa akamrudisha. Wote wawili wamesema uongo. Kamusi itawapa wote neno moja. Lakini msimulizi hakuwapa hukumu moja. Mmoja amemwendea rafiki aliyemlisha, mwengine anaokoa roho yake. Na kima akishapanda mtini hanyamazi akaridhika, anamsimulia papa kisa kizima cha punda wa dobi ili papa ajue kwamba kimejulikana.

Ya pili ndiyo nzito zaidi, ya Sultani Darai. Paa anamsaidia maskini aliyekuwa akichakura jaani. Anakwenda kwa sultani kumposea binti, anadanganya kwamba bwana wake kavamiwa na wanyang'anyi njiani yuko uchi, anapata nguo, anapata harusi. Uongo mtupu, hilo halina shaka. Lakini kisha paa huyo huyo anakwenda kupambana na nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate nyumba na mali kweli. Yaani alikopa ukweli, kisha akaulipa. Mwisho wa hadithi ni nani anaadhibiwa? Si paa aliyedanganya. Ni yule maskini, aliyeachia paa apewe uji wa mtama alipougua na akamtupa kisimani alipokufa. Sultani analia msiba wa paa kama wa mtu mkubwa, na yule bwana anaamka asubuhi anajikuta jaani, anachakura kama zamani. Hadithi imeweka hila chini na khiana juu, kwa uzito wa dhambi. Aliyesema uongo kaliliwa, aliyevunja wema kaangamia.

Khiana! Hilo ndilo neno ninalolilia. Khiana ni kinyume cha amana. Mtu kakuamini, kakuwekea, nawe umekula. Wazee walikuwa hawalitamki ovyo. Leo liko wapi? Limebaki kwenye vitabu vya dini, na ndugu yake, uhaini, amechukuliwa na serikali. Ukisema uhaini siku hizi mtu anafikiria kesi ya kina Bibi Titi Mohamed ya 1970, au ile ya Zanzibar ya wafuasi 18 wa CUF, ambayo Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilisema mwaka 2000 kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa si dola huru. Siingii katika siasa zake. Natazama neno tu: neno lililokuwa la kila amana, ya yatima, ya mjane, ya msafiri, limepanda cheo mpaka mwenye haki ya kufanyiwa uhaini ni dola peke yake. Na yatima aliyeliwa mali yake tumemwachia neno gani? Tumemwachia "ujanja". Ati ami yake mjanja.

Haya si mambo ya vitabuni kwetu sisi tulio nje. Namjua mama mmoja hapa Uingereza, amefanya kazi za usiku za kuwatunza wazee miaka mingi, na fedha alikuwa akimpelekea kijana wa nduguye anunue kiwanja na ajenge. Picha zilikuwa zikija: msingi, matofali, kenchi. Alipokwenda mwenyewe akakuta kiwanja kimeshauzwa kwa watu wengine wawili, na nyumba ya kwenye picha ni ya mtu mwengine kabisa. Hilo limeshatokea kwa wengi wetu, si jipya. Jipya kwangu lilikuwa maneno. Nilikuwepo barazani jamaa zake walipolizungumza, na sikusikia hata mmoja akisema khiana, wala wizi. Walisema "kaingizwa mjini". Walisema "kapigwa". Na mmoja akamaliza kwa methali, wajinga ndio waliwao, watu wakacheka. Yule kijana kwa maneno yao alikuwa mtoto wa mjini. Yule mama ndiye aliyekuwa na aibu, mpaka leo halisemi jambo lile mbele za watu. Na kwa kuwa halisemi, kijana bado anaaminiwa na wengine.

Tazameni lugha ilivyofanya kazi pale. Kitenzi kimekaa katika kutendwa: kaingizwa, kapigwa, kaliwa, kachezewa. Mtendaji hayumo katika sentensi, ametoka kama mwizi alivyotoka dirishani. Aliyetendewa ndiye mada, na kosa ni lake, la kutokuwa mjanja. Kinyume cha mjanja si mwaminifu tena, ni mshamba. Pale palipokuwa na mema na maovu tumeweka mji na shamba.

Najua mtasema haya ni maneno ya vijana, na mji una lugha yake. Kweli. Jiji la Dar es Salaam lenyewe watu wameliita Bongo, manake bila ubongo huishi pale, na jina limeenea mpaka likawa la nchi nzima. Mjini mipango, wanasema. Miaka ya 2000 pakaja usanii, neno zuri la watu wa sanaa, likageuzwa kuwa jina la ahadi za uongo za wakubwa. Pana changa la macho, pana kupiga kamba, pana kuzuga, na Kenya wana mkora wao. Mimi siyachukii maneno haya, mengine yana ufundi mkubwa. Mtu aliyeishi chini ya wenye nguvu anahitaji ujanja, kama sungura alivyouhitaji mbele ya simba. Tatizo ni kwamba neno la sungura amelichukua fisi. Ujanja ulikuwa sifa ya mnyonge anayenusurika. Sasa ni sifa ya mwenye nacho anayemla asiye nacho, na bado tunaitamka kwa tabasamu lile lile la hadithi ya sungura.

Wajanja wenyewe wanaijua thamani ya maneno kutushinda sisi. Ile DECI iliyofungwa na serikali ya Tanzania 2009 haikuwaambia watu walete fedha wagawane za wanaokuja nyuma. Iliwaambia wapande mbegu wavune, lugha ya shamba na ya kanisani, na nani atashuku mbegu? Wanaotuma ujumbe wa simu usemao "ile hela itume kwenye namba hii" wameweka mtego mzima ndani ya neno "ile". Neno moja tu la kuonyesha, na msomaji anajaza mwenyewe deni analolijua. Na waliotunga sheria nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kutoa takrima. Takrima, neno la heshima ya mgeni, la kahawa na halua, likawekwa mlangoni pa rushwa liilinde. Mahakama Kuu ilikuja kuifuta 2006. Miaka sita neno lilifanya kazi ya uficho.

Lakini hapo hapo nina sababu ya kutokata tamaa. Neno fisadi katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilikuwa zaidi la mtu anayeharibu wake na wana wa watu. Mwezi Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa aliposoma majina kwenye viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, na magazeti yakaita orodha ya mafisadi, neno likahamia kwenye mali ya umma na likabaki huko. Halikuhama peke yake, lilihama na aibu yake. Kabla ya hapo kiongozi aliyekula alikuwa "amepata ulaji", na watu wakimwonea gere. Baada ya hapo kuitwa fisadi kukawa jambo la mtu kukimbilia mahakamani kulikanusha. Sisemi wizi ulikwisha. Nasema kicheko kilipungua, na hilo si dogo. Watu wazima walikaa wakachagua neno zito badala ya jepesi, na lugha ikawatii.

Basi ninalolitaka kwa watunga kamusi si kubwa. Msitupe visawe peke yake. Tuambieni kila neno linataka nani awe amemwamini nani, linatumia chombo gani, ulimi au jicho au mizani au hati, na aliyetendewa anaishia kujua au kutojua. Andikeni kwamba hila inaweza kuwa njema na kwamba ulaghai hauwezi. Andikeni kwamba werevu ni mwanga. Irudisheni khiana mahali pake, kwa yatima na mjane na msafiri. Hata mahakama hazikuacha hivyo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kifungu chake cha 302 kwa anayejipatia mali kwa njia ya udanganyifu, Kenya wana 313, na magazeti yetu yanajua kuandika wizi wa kuaminiwa. Hakuna hakimu anayeandika kwenye hukumu kwamba mshtakiwa ni mtoto wa mjini.

Na ninalolitaka kwetu sisi ni dogo zaidi. Siku ukisimuliwa kwamba fulani kaingizwa mjini, uliza kwanza: na nani? Mrudishe mtendaji kwenye sentensi. Ukishampata, mpe jina lake. Kama alikuwa ameaminiwa, ni khaini, hata kama ana suti nzuri na anatusalimia vizuri msikitini au kanisani.

Naomba wenye Kimvita, Kiamu na Kingazija watuambie kwao khiana bado inatamkwa barazani au nao wameshaiweka kabatini. Na wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi, neno lenu la mtu aliyekula amana ni lipi?